Bustani Iliyobaki Kwenye Tovuti

Wageni wawili waliingia getini Alhamisi mchana wakitabasamu kama watu wanaosubiriwa. Hakuna aliyekuwa akiwasubiri. Wilhelmina alikuwa kwenye baraza la Ukumbi wa Mawe Mawili, akivalisha viti vitambaa vyeupe kwa ajili ya yubilei ya kwaya ya parokia, na alipowaona alidhani ni wanakwaya wamekuja kumsaidia. Akafurahi.

"Karibuni, karibuni. Vitambaa viko kwenye lile beseni."

Mama aliyetangulia, mnene wa heshima, kitenge chake kimepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, alilitazama beseni, kisha akamtazama Wilhelmina.

"Sisi ni kamati," alisema. "Kamati ya sendofu ya Jumamosi, ya kumuaga binti yetu. Mimi ni Roza, shangazi wa bibi harusi. Huyu ni Otuoma, katibu wetu."

"Jumamosi ipi, dada?"

"Hii. Keshokutwa."

Wilhelmina aliweka chini kitambaa alichokuwa nacho. Jumamosi hiyo ilikuwa ya kwaya tangu Kwaresima. Hakukumbuka kuongea na mtu yeyote aitwaye Roza, na kichwa chake hakikuwa cha kusahau; hata wateja waliofanya sherehe zao hapo zamani aliwakumbuka kwa aina ya wali waliotaka. Alifungua mdomo aseme kuna makosa, lakini Roza alikuwa ameshampita na kusimama ukingoni mwa baraza, simu mkononi, akitazama ziwani.

"Bustani iko wapi?"

Simu ilionyesha picha. Nyasi zilizokatwa vizuri, nguzo nne za taa, njia ya mawe ikishuka taratibu mpaka kwenye maji, na meza za duara zimepangwa chini ya miti. Juu ya picha kulikuwa na maandishi: *Bustani yetu tulivu ya ufukweni, watu mia tatu.* Chini kabisa: *Tunawatakia heri ya Mwaka Mpya 2018.*

Mbele ya Roza hapakuwa na nyasi. Ziwa lilikuja mpaka ngazi ya pili ya baraza. Nguzo za taa bado zilikuwepo zote nne, zimesimama majini kama watu wanaooga, na juu ya mojawapo alikaa ndege mnandi akikausha mabawa.

Mume wa Wilhelmina, Nkwabi, alitokea upande wa getini akiwa na kopo la rangi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na swali lililoulizwa mbele yake hakuweza kuliacha lipite.

"Bustani mnaitazama, mama," alisema kwa upole. "Iko palepale. Juu yake tu ndiyo kuna ziwa. Mwaka 2020 mvua zilikuwa nyingi, maji yakapanda, na unajua ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutokea, kwa hiyo..."

"Mwalimu," Roza alimkatiza, "sikuja kusoma jiografia. Binti yetu alichagua mahali hapa kwa sababu ya hizi nyasi. Ametuonyesha hii picha tangu Januari. Kosta zimeshakodiwa, watu wanatoka Shirati, wanatoka Musoma. Nikawaambie nini? Kwamba nyasi zipo ila zimelowa?"

Otuoma alikohoa. Kilikuwa kicheko, na alikimaliza ndani ya leso.

* * *

"Ulizungumza na nani, dada?" Wilhelmina aliuliza. "Maana si mimi."

"Na meneja wenu. Mama mmoja ana sauti nzuri sana. Namba iko hapahapa kwenye tovuti."

Wilhelmina aliisoma ile namba na kuitambua, kama unavyomtambua mtu aliyehama mtaa siku nyingi. Ilikuwa yake. Simu yenyewe ilitumbukia ziwani siku walipokuwa wakiokoa meza za bustani, naye akanunua laini nyingine na kuwatangazia wateja, ndugu na jumuiya yake ya sala. Tovuti hakuikumbuka. Gladness, binti yao, aliitengeneza akiwa bado chuoni Nyegezi, na tangu hapo kila alipokuja likizo alikuwa akisema, "Mama, ile tovuti tuipitie." Wilhelmina alikuwa na jibu moja: "Tovuti ina njaa gani? Haili, hailali. Iache."

Jambo la ajabu ni kwamba hawakuwa watu wazembe. Ubao wa getini Nkwabi aliupaka rangi upya kila mwaka kabla ya Pasaka, na mwaka huu alichelewa kwa sababu ya goti, ndiyo maana alikuwa na kopo mkononi. Paa lilikaguliwa kabla ya masika. Vyoo vilikuwa na mtu wake. Lakini ubao ulisomwa na waliokwisha kufika getini, na tovuti ilisomwa na waliokuwa bado wanaamua kama waje. Hilo hakuna aliyewahi kulifikiria katika nyumba hiyo.

Roza alikuwa ameshapiga. Akaweka spika.

"Haloo, Mawe Mawili, karibu," ilisema sauti ya mama, nzito na ya furaha. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia.

Wilhelmina alikaa kwenye kiti kisichokuwa na kitambaa.

"Mama, shikamoo. Ni Roza wa sendofu."

"Marahaba mwanangu! Mmefika? Mmeuona ukumbi? Mzuri eeh?"

"Tumefika. Ila kuna mama hapa anasema hatutambui."

"Hawatambui? Hebu mpe simu."

Wilhelmina aliipokea. "Mimi ndiye mwenye ukumbi. Wewe nani, mama?"

"Kumbe ndiyo wewe!" Sauti ilipanda mpaka kuku wakanyamaza. "Mimi Paskazia, wa Nansio huku Ukerewe. Nimekutafuta, mwenzangu! Watu wako wananipigia mpaka niko kanisani!"

Maelezo yake yalitoka bila kupumzika. Laini aliinunua sokoni Nansio, namba iliyoachwa ikiwa imegawiwa upya, na wiki hiyohiyo watu wakaanza kuuliza bei ya ukumbi. Mwanzoni alisema si yeye. Wakapiga tena. Mmoja alimtukana, mwingine akamwambia anaficha nafasi ili ampe ndugu yake. Ndipo mjukuu wake akamfungulia ile tovuti, na Paskazia akaiona namba yake mwenyewe chini ya picha ya bustani nzuri ya watu.

"Nikasema haya, kazi nimepewa. Nikawa nawaambia: nendeni Pasiansi, hapo Mwanza, mkifika ulizeni. Hawajafika?"

Walifika. Wilhelmina alikumbuka sasa. Si wateja wachache waliomwambia, tumeelekezwa na yule mama wa kwenye simu, naye akadhani wanamsema Gladness.

"Wamefika," alisema polepole. "Lakini Jumamosi hii nina kwaya. Kwa nini ukawaambia hawa waje?"

"Huyu Roza alinisalimia vizuri. Akaniuliza hata mihogo inaendeleaje. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje hapana? Halafu mimi nitajuaje kuna kwaya? Nani aliniambia?"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu, na Wilhelmina, ambaye aliheshimu ukweli hata ukimchoma, alimrudishia Roza simu.

"Kwa hiyo," Roza alisema simu ilipokatwa, "nimekodi ukumbi kwa mkulima wa mihogo." Hakucheka. "Na bei je? Hapa imeandikwa laki tatu."

"Hiyo ni ya zamani. Sasa ni laki sita."

"Imeandikwa tatu, dada. Au nayo iko chini ya maji?"

Kopo la rangi lilimtoka Nkwabi mkononi. Wilhelmina aliwaza upesi. Mwanza ni mji wa kamati. Kila mtu aliyeko kwenye kamati hii yuko kwenye nyingine mbili, na Roza huyu, kwa jinsi alivyosimama, alikuwa mwenyekiti wa zote. Akiondoka na hasira, kufikia Jumapili mji mzima utajua kuwa Mawe Mawili wanauza bustani isiyokuwepo. Na kumwondoa Bernadeta wa kwaya na waimbaji wake lilikuwa jambo baya zaidi: Bernadeta alikuwa na maikrofoni.

"Ni tatu," alisema. "Tulichoandika ni chetu. Nipeni mpaka kesho, mtapata ukumbi. Bustani siwezi kuirudisha, na sitawadanganya."

Roza alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama kosa. "Kesho tunamleta bibi harusi mwenyewe," alisema. "Utamwambia wewe."

* * *

Bernadeta, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa na duka la vyombo karibu na soko kuu, na alimsikiliza Wilhelmina huku akifuta sufuria moja ileile.

"Wilhelmina, nimekuelewa. Unataka tutoke."

"Sitaki mtoke. Nataka mnipe jioni."

"Kwaya haihamishwi kama viti. Tumealika mpaka kwaya ya Bukoba."

"Misa inaisha saa ngapi?"

"Saa nne."

"Chakula chenu mchana. Hotuba?"

"Hotuba ni za Katekista." Bernadeta aliacha kufuta. Wote wawili walimjua Katekista. "Hapo siwezi kukuahidi chochote."

"Nikiwaambia kuna sendofu saa kumi na moja, atalazimika kumaliza."

Bernadeta aliiweka sufuria chini. Kitu fulani kilipita usoni mwake, kinachofanana sana na tumaini.

"Katekista atalazimika kumaliza," alirudia. "Na wimbo wetu mpya? Tumeufanyia mazoezi tangu Pasaka, na siku yenyewe wa kuusikia ni sisi wenyewe na Bukoba."

"Sendofu ina watu mia mbili kutoka Mara. Hawajawahi kuusikia."

"Wana nani wa kuimba?"

"Dijei."

"Dijei!" Bernadeta alisema kwa huruma ya kweli. "Maskini. Waambie tutabaki."

Wilhelmina alirudi nyumbani akiwa mwepesi nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwa bibi harusi.

* * *

Akumu alikuja Ijumaa asubuhi na shangazi yake. Alikuwa msichana mrefu, nesi, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema. Wilhelmina alimweleza yote akiwa amesimama, bila kupunguza: nyasi zilizama, picha ni ya kabla ya maji, namba si yetu, mwaka mpya tuliowatakia heri umezeeka. Alimaliza kwa kusema, "Ukitaka kuondoka nitakutafutia ukumbi mwingine mwenyewe, na gharama ni yangu."

Gladness alikuwa ameomba ruhusa ofisini kwake Nyamagana na amekaa pembeni na kompyuta magotini. Alikuwa na haki ya kusema mengi, na mama yake aliona anavyojizuia.

Akumu alishuka ngazi ya kwanza, akavua kiatu, akaingiza mguu majini.

"Kina chake?"

"Mpaka magotini hapa," Nkwabi alisema haraka. "Kule kwenye nguzo za mwisho, kiunoni. Nimepima."

"Kwenye picha nilikuwa nimeshaona nitakakopita. Naanzia kule mbele, nakuja kwenye hii njia ya mawe, kati ya taa, watu wamekaa wananitazama." Alinyoosha kidole juu ya maji. "Njia bado ipo?"

"Ipo chini. Mawe hayajasogea."

"Basi nitapita palepale. Kwa mtumbwi."

"Akumu!" Roza alishika kifua. "Na gauni? Na nywele? Unajua hizo nywele zimesukwa siku ngapi?"

"Shangazi, nimezaliwa Shirati. Nimevuka kwenda shule kwa mtumbwi nikiwa na sare nyeupe, na ukiniona na tope ulinichapa. Kwa hiyo sikupata tope. Leo nimekuwa mkubwa ndiyo nishindwe?"

Roza akajikuta anacheka. Alicheka mpaka ikabidi akae kwenye kiti kilekile alichokalia Wilhelmina jana yake. "Huyu mtoto," alimwambia Wilhelmina, akijifuta macho, "huyu mtoto baba yake alikuwa hivihivi."

Nkwabi alikuwa ameshaondoka kwenda kwa jirani yao Shimba, mwenye mtumbwi wa injini, kabla mtu hajabadili mawazo.

Mchana huo Gladness na mama yake walikaa mbele ya tovuti. Kulikuwa na mapambano kidogo ya kuingia, kwa sababu nywila ilikuwa jina la mbwa aliyekufa na hakuna aliyekumbuka kama iliandikwa kwa herufi kubwa. Kisha Wilhelmina akaanza kusoma ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti, kama anayemsikiliza mtu akimsema vibaya. Maegesho ya magari mia: yalikuwa kabla ya jirani kujenga ukuta. Samaki wa kuchoma kila Jumapili: mchomaji alihamia Geita. "Meneja wetu, Bwana Luhende, atakupokea kwa tabasamu."

"Luhende tulimfukuza," Wilhelmina alisema.

"Kwa kutotabasamu," Gladness alisema, na wote wawili wakaangua kicheko.

"Hukunikumbusha hili la Luhende."

"Mama."

"Najua. Najua. Futa."

Walipofika kwenye namba ya simu, kidole cha Gladness kilikuwa tayari. Wilhelmina akamshika mkono. "Hiyo iache kwanza," alisema.

* * *

Jumamosi ilikuwa ya jua, na upepo mdogo tu. Katekista alihutubia huku akitazama saa ya ukutani, jambo ambalo wanaparokia hawakuwahi kuliona, na akamaliza kwa wakati kwa makofi yaliyozidi hotuba. Kwaya ikala. Wali wa kwaya na wali wa sendofu ulipikwa kwenye jiko moja, na kufikia saa tisa hakuna aliyejua sufuria ipi ni ya nani. Wapishi waliacha kuuliza.

Saa kumi kosta ziliegeshwa mpaka barabarani. Wageni kutoka Mara waliingia, wakakuta watu themanini waliovaa majoho ya bluu wamesimama kuwapokea, na wakafikiri ni sehemu ya sherehe. Hakuna aliyewasahihisha. Nkwabi alikuwa amefunga taa za sola kwenye zile nguzo nne, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi, alikuwa pia amefunga utepe.

Miongoni mwa wageni alikuja mama mfupi mwenye kikapu, aliyeteremka kwenye bajaji na kusimama getini akiusoma ubao kwa makini, herufi moja moja.

"Rangi mmepaka vizuri," alimwambia Wilhelmina. "Kwenye simu hauonekani hivi."

Wilhelmina aliijua ile sauti. "Paskazia?"

"Roza amenialika. Amesema mimi ndiye nilimpokea." Alimkabidhi kikapu, kilikuwa na mihogo. Kisha akatazama kulia na kushoto kama mtu anayekagua mali. "Na bustani?"

"Twende nikuonyeshe."

Walifika barazani wakati injini inazimwa. Mtumbwi wa Shimba ulikuwa umetokea nyuma ya yale mawe mawili yaliyoupa ukumbi jina, umepakwa nyeupe ubavu mmoja, ule wa kuonekana. Akumu alikuwa amesimama katikati, wima, mkono mmoja begani kwa baba yake mdogo, Otuoma, ambaye hakuwa mtu wa maji na alionekana hivyo. Shimba alisukuma kwa upondo. Mtumbwi ukaingia kati ya nguzo mbili za kwanza, ukafuata njia ya mawe isiyoonekana, na mnandi juu ya nguzo akauangalia ukipita, asiruke.

Bernadeta akainua mkono. Kwaya ya Pasiansi ikaanza ule wimbo mpya, na ya Bukoba, iliyousikia mchana, ikaitikia. Wanawake wa Mara waliusikiliza ubeti mmoja, wakaelewa unakokwenda, wakaupokea kwa vigelegele mahali ambapo hapakuwa na vigelegele, na Bernadeta, badala ya kukasirika, aligeuka na kuwaongoza nao.

Akumu alikanyaga ngazi ya pili kwa kiatu kikavu. Roza aliliangalia pindo la gauni mbele na nyuma. Hapakuwa na tope. Ndipo akalia.

Watu walinyanyua simu kote ukumbini. Gladness alikuwa amesimama juu ya meza, akipiga picha zake kwa ajili ya tovuti, na Wilhelmina akamwona akiangalia moja kwa muda mrefu kuliko nyingine. Paskazia alikuwa amemshika Wilhelmina mkono bila kujua.

"Sasa namba yangu mtaifuta," alisema, macho bado yako majini. "Ni sawa. Ila nitakuwa mpweke, nisikufiche. Nilishazoea kuulizwa."

"Hatuifuti," Wilhelmina alisema. "Ukikubali, kila Jumatatu Gladness atapitia tovuti, na mimi nitakupigia nikuambie siku zilizokwisha kuchukuliwa. Utalipwa kama anavyolipwa mtu wa kazi. Lakini kuna sharti moja."

"Lipi?"

"Ujifunze kusema hapana."

Paskazia alilifikiria. Ilionekana wazi lilikuwa sharti gumu. "Hata kwa anayesalimia vizuri?"

"Hasa huyo."

* * *

Jumatatu, Gladness alipokuwa ameshapitia kurasa zote kabla ya kwenda kazini, na Paskazia ameshaambiwa siku zake, Wilhelmina alikaa barazani akitazama tovuti kwenye simu ya mumewe. Ilifunguka kwa picha ya mtumbwi kati ya taa nne. Bei ilikuwa ya mwaka huu. Luhende hayupo. Nkwabi alikuwa getini, akiongeza mkono wa mwisho wa rangi kwenye ubao.

Kila kitu kilisema kweli, lakini kusoma hakukumtosha. Akaipiga ile namba, akabana pua kidogo ili sauti isitambulike.

"Haloo, Mawe Mawili, karibu."

"Shikamoo mama. Habari za huko? Mihogo inaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu!" Sauti iliyeyuka kabisa. "Mihogo mizuri. Mungu ni mwema."

"Mama, naomba Jumamosi hii inayokuja. Ni sherehe ndogo tu."

Wilhelmina alisikia kuku, na pumzi ya mtu anayejikaza.

"Jumamosi hiyo," Paskazia alisema hatimaye, "tumejaa."

"Hata kwa kunihurumia?"

"Hata kwa kukuhurumia, mwanangu, na moyo unaniuma. Ila inayofuata iko wazi, nikushikie? Na nikuambie mapema usije ukasema nimekuficha: bustani iko chini ya maji." Akavuta pumzi, na furaha yake yote ikarudi. "Lakini mtumbwi tunao."